Uzi wa Nyuzi Nane

Umekuja kuazima ufito, Ndekirwa,
hata jogoo wa kwa akina Nanyaro hajaamka.
Sikunyimi. Ila keti kwanza kwenye kiti cha wateja,
hapo mbele ya kioo.

Mshipi huu umesukwa.
Nyuzi nane, kila mmoja mwembamba kuliko unywele wa kichanga,
zimepishana juu na chini
kama ninavyopishanisha rasta Ijumaa kwenye kichwa cha bibi harusi.
Miaka kumi na tisa nasuka hapa Tengeru.
Kilichosukwa, ukikivuta, hakilegei kwa kukuonea huruma.

Kwa hiyo usiuzungushe mkononi.
Baba yako aliuzungusha, mara mbili, kiganjani,
ndoana iliponasa mzizi kule Duluti.
Akavuta. Mzizi ukatulia palepale.
Nilimfunga kwa kitambaa cha saluni, cha waridi,
akashinda sokoni anauza mbegu za nyanya kwa mkono wa waridi,
na wanawake wa ndizi wakimuuliza mahari ameshalipa?
Chukua kipande hiki cha mpini wa jembe.
Zungushia hapa, rudi nyuma polepole,
mti uvutane na mti.

Mkasi ni huu mdogo wenye meno, wa kamba nyekundu.
Ule mwingine ni wa kazi yangu, usiuguse.
Mkasi butu unautafuna tu uzi huu,
unaacha ncha imechanua kama ufagio,
na ufagio haupiti kwenye tundu la ndoana
hata uulambe mpaka jua lichomoze.

Ukunje mara mbili. Pitisha mkunjo tunduni.
Funga fundo la kawaida, legelege, kisha ndoana yote
ipite ndani ya kitanzi. Ngoja! Usikaze bado.
Tia mate.
Ndiyo, mate. Mimi naloweka vichwa vya watu wazima
kabla ya kuvigusa na kitana, wewe unaona kinyaa na mdomo wako?
Sasa kaza.

Ukijisokota, na utajisokota,
mkono wa kwanza kuvuta ndio unaoharibu.
Watoto wanaolia kwenye kiti hicho
hawalii kwa ajili yangu, wanalia kwa ajili ya mama zao
waliowachana wakiwa na haraka ya kanisani.
Ingiza ncha ya kitana cha mkia, hiki, pembeni mwa fundo.
Litekenye. Tafuta kitanzi kimoja kinachokubali.

Chini ya bobini nimebandika plasta,
maana uzi huu ni mtelezi, bila plasta unazunguka wote
kama kilemba kisicho na pini.
Na unapouvingirisha, ubane kwa kitambaa kibichi.
Ukiingia umelegea, siku ya siku utajizamisha ndani ya matabaka yake,
utakwama katikati ya kurusha, chambo kikuangukie miguuni.

Kuna jambo jingine.
Jana umeme ulipokatika niliugeuza.
Nilifunga ncha kwenye mparachichi, nikatembea gizani na bobini
kupita kwa fundi viatu hadi nguzo ya pili,
nikarudi nikiuvingirisha kinyume.
Ule wa nje, uliopauka kutoka kijani hadi rangi ya majivu,
ule alioutumia kaka yangu,
sasa uko ndani kabisa. Wewe utarusha ule wa chini
ambao haujawahi kuona maji.

Perege hatakufikisha huko.
Ila kambale mkubwa akishika, akaelekea kilindini,
uzi utatoka kijani, kijani, kijani,
halafu utaona majivu yanapita kwenye kidole chako.
Hapo usimbane samaki. Mwache kidogo.
Mwache tu kidogo.

Kibali kiko mfuko wa mbele.
Saa nne nina mteja wa nywele ndefu,
nataka kitana changu.