Kulia Kwanza

Mwalimu wangu ana miaka tisa,
jino la mbele halipo.
"Kiwiko, mjomba! Maji hayajafika kiwiko."
Nami, fundi wa kuchomelea, hamsini na mbili,
nakunja tena shati juu ya makovu ya cheche,
naanza upya.

Kibla, hapa Ngamiani, ni upande wa Horohoro.
Nimepiga mstari wa chaki sakafuni
kama napima geti la mtu.

Alhamdu nimeiandika nyuma ya karatasi ya msasa.
Nikifika waladh-dhaalin ulimi unakwama.
Mwanatumu anacheka, anaziba mdomo:
"Samahani. Hata mimi nilichapwa hapo hapo."

Rukuu: goti linakwaruza kama bawaba kavu.
Sijda —
harufu ya ukindu wa mkeka mpya,
paji chini,
na mimi niliyezoea kuinamia moto tu
nikasahau neno linalofuata.

Sikuinuka.
Hakunisahihisha.
Alinong'ona kando yangu, polepole, mara tatu,
Subhana Rabbiyal A'laa,
akiningoja kila silabi.

Mwisho nikatoa salamu, nikaanzia kushoto.
"Kulia, mjomba. Kulia kwanza!"

Kulia, mwanangu,
nilikwisha kuanza zamani.