Jina Linalotokea

Kabla pesa haijaondoka, simu huuliza.
Huandika jina la mtu, herufi kubwa tupu,
kisha hungoja kidole changu:
moja kubali, mbili sitisha.
Miaka sita kwenye kibanda hiki cha Kiboriloni
nimesoma majina mengi kuliko karani wa usharika
na sikuwahi kujiona ni mtu anayesoma.

Jumamosi, Mama Aikande ameshuka toka Kidia.
Mikungu miwili ya mshare imekwisha,
noti ziko kwenye pindo la khanga, zina utomvu bado.
"Niwekee kwa huyu. Themanini na tano.
Ni daktari wa meku wangu."

Meku ana sukari, mwaka wa kumi na moja.
Kidole cha mguu kimeanza kugeuka rangi.
Na simuni yupo daktari, koti jeupe,
nyuma yake rafu ya vitabu visivyoguswa;
anasema unga wake wa mizizi humaliza sukari siku ishirini na moja,
anasema ofa inafungwa leo saa sita usiku
(na jana ilifungwa leo saa sita usiku),
anasema hospitali wanajua, wanaficha,
anasema ukianza unga, sindano weka kando,
vitagombana mwilini.

Namba ile niliijua kabla sijaimaliza.
Vidole vina kumbukumbu yake.
Mwezi wa tatu niliiwekea pesa ya mwalimu mstaafu: tezi dume.
Wiki ya Pasaka, binti wa saluni: mtoto.
Juzi fundi viatu: presha.
Magonjwa mbalimbali, mlango mmoja,
na kila mara kamisheni yangu ikaingia,
ndogo kama punje ya ulezi,
nami nikasema asante, karibu tena.

Simuni mwake anaitwa Profesa.
Kwenye kioo changu lilitokea jina fupi la kijana,
bila Profesa, bila Dokta,
jina la mtu aliyesajili laini kwa kidole, kama sisi.

Nikamgeuzia simu. "Soma, mama."
Hana miwani. Nikamsomea.
"Labda ni mhasibu wake," akasema.
Tumaini halikosi jibu.
"Na wale waliopona?"
Yule wa kilemba cha bluu aliyepona sukari,
nikamwambia, kwa binti wa saluni alipona kizazi.
Kilemba ni kile kile. Na machozi.

Akanyamaza. Watu nyuma yake wakaanza kuguna.
"Amekuuliza sukari ya meku imefika ngapi?"
"Hajauliza."
"Mpigie, umuulize yeye."
Akapiga, sauti nje, sote tukasikia:
Mama, tuma kwanza, maswali baadaye.
Nikamkumbusha yule muuguzi wa KCMC,
aliyemtoboa meku kidole
kabla hajamwambia neno lolote.

Nikabonyeza mbili.

Hakushukuru. Alizirudisha noti kwenye pindo,
akakaza fundo kwa meno.
"Wewe je," akaniuliza, "una dawa?"
Sina. Nilikuwa na namba ya bodaboda
na jina la kliniki ya sukari, siku ya Jumanne,
nikayaandika nyuma ya karatasi ile ile.
Akaichukua kama mtu anayepokea chenji pungufu.

Kutoka hapa hadi stendi kuna mawakala wanne.
Sijui kama aliwapita.

Jioni nilikata kipande cha boksi,
nikaandika namba ile kwa makapeni, herufi kubwa tupu,
na chini yake:
UKITUMWA KUWEKA HUMU, KAA KWANZA TUONGEE.
Kisha nikatoa benchi nje.
Kisha nikatafuta namba ya yule mwalimu,
ikaita, ikaita,
nikawa sijui nitaanzia wapi.