Mdomo Juu

Tuling'oa nanga Bodø saa nne ya usiku, jua bado
limekaa juu ya maji kama mgeni asiyejua kuaga.
Eilert usukanini, mimi omo.
Kati yetu mita kumi na moja za mashua
na miaka sita ya nyumba ya mama,
aliyoiuza yeye, niliyoililia mimi.
Mashua ni yetu sote, wosia ulisema hivyo,
na mnunuzi anaisubiri Brønnøysund.

Asubuhi upepo ukahama, ukawa wa tezi kabisa.
Tanga kuu likalinyima tanga la mbele hewa.
Lilijaa pumzi moja, likalegea,
likapiga pa! kama mlango wa nyumba isiyo na mtu.
Kimya.
Halafu pa!
Mtu anaweza kuvumilia mengi. Si hilo.

Nikalikunja. Nikaufunga mti wa tanga kuu
kwa kamba mpaka omo, usije ukageuka ghafla
ukatafuta kichwa cha mtu.
Kisha nikaufungua ufito pale unapolala, pembeni mwa sitaha:
mita nne za alumini, baridi kama reli ya Januari,
umekwaruzwa katikati na pete ya ndoa ya baba,
miaka thelathini ya kushikwa mahali pamoja.

Mwisho mmoja kwenye pete ya mlingoti. Ukalia ta.
Mwisho wa pili ndio wenye mdomo,
na ulimi wa springi unaoimeza kamba ya tanga.
Kamba moja ya kuuinua. Moja ya kuuvuta chini na mbele.
Ya tatu ni ya tanga lenyewe, inarudi nyuma kwa Eilert,
ili ufito usijue pa kukimbilia.

"Mdomo chini," akasema.
Neno lake la kwanza tangu Jumanne.
"Juu."
"Chini, Ragndis. Kamba itoke upesi mambo yakiharibika."
"Juu. Ukiufungua, ufito unaanguka wenyewe,
kamba inabaki hewani. Baba aliuweka juu."
"Baba alipoteza meno mawili kwa huo mdomo wake wa juu."
"Kwa sababu ulilegeza kabla hajasema!"
"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja!"

Wimbi likatubeba tezi, likatuweka chini.
Mlima wa Rødøy ukapita, simba wa mawe,
amegeuza uso kama jirani
anayejifanya hakusikia ugomvi.

Nikabaki nimeukumbatia ufito.
Kumi na mmoja. Sikuwahi kuihesabu.

"Haya," akasema. "Juu."

Inua.
Zaidi kidogo.
Basi. Funga.
Vuta wewe sasa, polepole, polepole.
Maneno mafupi, yasiyo na nyumba ndani yake.

Tanga likakunjuka upande wa kulia,
kuu likiwa kushoto, na kelele ikaisha.
Mashua haikuacha kuyumba, nisiseme uongo.
Iliendelea kulewa, ila sasa
ililewa ikijua inakokwenda. Fundo sita, sita na nusu.

Utotoni nilidhani ufito unavuta.
Hauvuti kitu. Kazi yake ni kusukuma,
kuliweka tanga mbali na mlingoti,
mbali kabisa, lisirudi,
na umbali huo ndio unaotupeleka.
Nilitaka kumwambia Eilert. Nikaona hapana,
ataniuliza nani tanga na nani mlingoti.

Akauachia usukani mashine, akaja omo
akishika waya kwa mkono mmoja,
mkono wa pili una kahawa, katika kikombe cha baba
chenye mpini uliogandishwa kwa gundi.
Akatazama mwisho wa ufito muda mrefu.
"Meno yenyewe yalikuwa ya bandia," akasema.

Kahawa ilikuwa na sukari. Vijiko vitatu, kama ya mtoto.
Sijatia sukari tangu nilipoolewa.
Nikainywa yote.