Viraka vya Arusi

Narbo, mwaka ambao mafuta yalipanda bei

Baba yake Domnina aliagiza shairi la arusi:
"Mishororo mia, mwalimu, na lisiwemo neno lako hata moja.
Yote yatoke kwa Yule wa Kale. Nataka wageni wamtambue."
Malipo, mitungi miwili ya mafuta.
Mmoja ulikuwa na ufa. Nilinyamaza.

Nikaketi na mkasi ambao hakuna anayeuona.
Nilikata pale mji unapoteketea,
nikashonea mwenge wa bibi arusi:
moto ni ule ule, haujali
umeitwa kuunguza au kumulika.
Kilio cha mjane, nilipokivua jina la marehemu,
kilimkaa Domnina kiunoni kama kilikatwa kwa ajili yake.
Farasi wa vita nilimpa bwana arusi, Widiriki,
ofisa wa Wagothi, ambaye Kilatini chake
ni cha kuagizia divai tu.

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Najua.
Ila hapa Narbo nani anavaa ya kwake?
Kanisa jipya limepandishwa juu ya nguzo za hekalu,
na nguzo moja, kwa kuwa ilipungua kimo,
imevishwa kiatu cha matofali.
Kila nikipita natazama kiatu, siitazami nguzo.

Ursino, mwanafunzi wangu,
miaka kumi na miwili na mafua yasiyokoma,
alichungulia juu ya bega langu akauliza:
"Na wewe, mwalimu, humu uko wapi?"
Nikamwambia akafute ubao wake wa nta.

Niko kwenye mshono, mtoto.
Nusu mshororo wa mikuki, nusu mshororo wa nyuki,
na katikati yao pumzi moja
ambayo Yule hakuivuta.
Naye pia, nikimsogezea taa,
chungu chake kina alama za vidole vya Wayunani.

Usiku wa mwisho nilivunja agizo.
Mshororo wa sabini na moja ni wangu,
wa mwaka aliofariki mama:

*Dirisha likafunguka, tukasikia theluji.*

Arusini, mzee Filagrio, asiyeona tena,
aliketishwa mbele, leso mkononi,
midomo yake ikinitangulia mshororo kwa mshororo
kama mtu anayeshuka gizani ngazi za nyumbani kwao.
Nilipofika sabini na moja nikapunguza mwendo.
Nilitaka kuiona ikikwama.

Haikukwama.
Alisema "theluji" kabla yangu.

Tangu jana napekua vitabu vya Yule, ukurasa kwa ukurasa,
na mafuta yamevuja hadi mlangoni.