Swali la Nane

Baba ana umri mara tatu ya mwanawe.
Baada ya miaka kumi na miwili
atakuwa naye mara mbili. Tafuta.

Kitabu kimesema kwa Kiingereza,
mimi nimelivuta kwa kidole, neno baada ya neno,
na bado sijui natafuta nini.
Nimefuta hadi karatasi imetoboka.
Kisha umeme ukakatika, Mkomani nzima,
nikapapasa ukuta hadi kwa Bi Somoe
mwenye taa ya sola.

Alikuwa na kofia gotini, ya bwana harusi wa Siyu,
na sindano midomoni.
"Huyui nini?"
Sijui kinachotakiwa.
"Basi kipe jina, ukikamate."

Nikaandika x.
Akaisogeza kofia kwenye mwanga.
"Kitobo hiki sijakishona. Lakini wa kushoto wake namjua,
wa kulia namjua. Kitakwendapi?"

Mtoto x. Baba, x tatu.
Nikamwongezea mtoto kumi na mbili.
"Na baba? Yeye hazeeki?"
Nilimsahau.
"Mwanangu, ukitoboa huku, toboa na kule,
ama kofia itakaa upogo
na watu wacheke mbele ya kadhi."

Kwa hiyo huku na kule.
Ile mbili ikapiga hodi kwenye mabano
ikampa mkono x, ikampa na kumi na mbili,
haikumruka mtu,
na hapo ndipo nilipokuwa nikikosea tangu Jumatatu.
Toa huku, toa kule.
Punda akalia kichochoroni, nikapoteza mstari,
nikaupata.

Mtoto, kumi na mbili. Baba, thelathini na sita.
"Hakikisha."
Ishirini na nne. Arubaini na nane. Mara mbili kamili.
Nilitaka kuruka, lakini mtoto wake alikuwa amelala.

Bi Somoe akakata uzi kwa meno.
"Na mama yake?"
Mama yake nani?
"Huyo mtoto. Ana miaka mingapi?"

Nikarudia swali mara mbili, mpaka kwenye nukta.
Hawakumtaja.
"Mpe naye herufi."
Nikampa y, pembeni, kwa penseli.
Y sawa na.
Sikuwa na cha kuweka mbele yake.

Asubuhi Mwalimu Kitsao akapiga vema, nyekundu, ndefu.
Akafika kwenye ile y, akasimama.
Akaweka alama ya kuuliza, ndogo,
akaenda dawati la pili.