Mchango

Wiki ya nne ndama aliacha kucheza.
Kinyesi chake kikawa rangi ya udongo wa chungu,
rangi ya kisiwa chetu pale Meghna inapokimega,
na pumzi yake, Mungu anisamehe,
ikanuka siagi iliyosahauliwa.

Mwaka jana nilizika wawili.
Nililaumu majani, nikalaumu chumvi ya tufani,
nikamlaumu hata Kohinur, mke wangu,
kwa jicho lake lililomsifu ndama kabla hajasimama.
Motaleb wa ng'ambo akaniunga mkono:
maziwa hayaui mtoto, basi ni jicho.
Nani angebisha?

Leo kaja Shefali, binti wa Akkas,
hadubini kaifunga ndani ya kopo la biskuti.
Aliomba kinyesi kama mtu aombaye chumvi.
Akachungulia, akaniita.
Niliona vijiduara vya kahawia,
ganda nene lenye vishimovishimo, kama uso wa ndui.
"Mayai ya mchango," akasema.

"Kauokota wapi? Hajang'ata hata jani!"

Akanyoosha kidole.
Si kwenye matope. Si kwenye maji.
Kwenye kiwele.

Mama mtu alikuwa kinamasini, pembe nje, macho nusu,
akicheua kama asiyesemwa.
Miaka amewabeba, wembamba kuliko uzi,
wamelala katika nyama yake bila kumuuma,
wakingoja mimba.
Akizaa, nao huamka,
hushuka pamoja na dang'a,
vuguvugu, tamu, ya kwanza.

Hakujua. Alitoa alichonacho.

Dawa ilikuwa nyeupe, ya kunyweshwa kwa chupa.
Alfajiri wakatoka:
urefu wa shubiri na zaidi, rangi ya ufizi,
wengine bado wakijinyonga
kama kamba zilizosahau zilichokifunga.
Kohinur aliwahesabu kwa kijiti. Arobaini na mmoja.
Akawafukia kwa chokaa, akanawa mikono mara mbili,
hakunitazama.

Adhuhuri ndama akarudi kwenye chuchu ileile.
Angekwenda wapi?

Jioni nilichukua chungu cha mgando,
kile cha kuuza mjini, chenye utando mzima juu,
nikamwekea Kohinur mbele yake.
Hakuuliza kwa nini.
Alikula polepole, akimtazama ndama akirusha mateke,
na hakumsifu.