Ghorofani, Mtaa wa Stesheni

Ghala la nta limepakwa chokaa,
limetiwa lifti, na bafu la marumaru
pale ilipokaa mizani ya karani Mihayo,
iliyompunja baba
ratili mbili kila gunia.

Boriti za mninga wameziacha wazi.
"Hii ndiyo Tabora ya kale," dalali alisema,
akizipapasa kama shingo ya ng'ombe mnadani.
Mpangaji akalipa kwa dola.

Oktoba ilipowaka
boriti zikatoka jasho la nta,
na nyuki wakaja,
wakatanda juu ya kitanda chake
kama watu waliorudi kwao.

Nimeitwa mimi, binti wa mrina asali,
nije na moshi.
Nimekuja. Viatu nimevua mlangoni, kama nilivyoagizwa.
Nimekaa kwenye sofa lake jeupe.

Moshi sijawasha bado.